Wasomaji Wauliza: Bahari Haifuati Kalenda ya Ofisi

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa wakazi wa Nairobi wanaopenda viumbe vya pwani lakini bahari iko mbali nao kilomita karibu 480. Nyingi zinahusu wakati: siku gani, saa gani, msimu gani. Tumezijibu tukianza na ile iliyoulizwa na wengi zaidi.

Nimeshuka Mombasa mara kadhaa kwa treni ya asubuhi, na kila nikifika ufuoni jioni nakuta maji yamegonga ukuta. Wenzangu wananionyesha picha za vidimbwi vya mwambani vyenye viti vya pweza na kaa wa kila rangi. Nitajuaje siku ya kwenda nikiwa huku Nairobi? — Msomaji, Umoja

Ndugu msomaji, siku zako huenda zilikuwa nzuri kabisa, ila ulifika saa ambayo mwamba umeshafunikwa.

Pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Hizo dakika 50 ndizo zinazosogeza mambo mbele kila siku: maji yakipwa leo saa nne asubuhi, kesho yatapwa saa tano kasoro. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua. Hapo maji hupwa sana na kujaa sana. Mombasa tofauti ya kina huzidi mita 3 na wakati mwingine hukaribia 4. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, tofauti hushuka hadi mita moja na kitu, na sehemu kubwa ya mwamba haitoki majini hata maji yakipwa.

Wageni wengi hawajui kwamba bamvua ya Mombasa ina saa zake. Siku hizo maji hupwa kati ya saa nne na saa sita kasoro asubuhi, kisha hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili kasoro jioni. Treni ya asubuhi hufika kituo cha Miritini alasiri. Hadi uvuke mji na ufike ufuoni, bamvua imeshajaa. Dawa yake ni kulala pwani usiku huo na kutoka asubuhi ya pili.

Kuchagua tarehe, anza na kalenda ya Kiislamu, maana inafuata mwezi. Tarehe 1 hadi 4 na tarehe 15 hadi 18 za kila mwezi ni siku za bamvua au karibu nazo. Ndiyo maana Idd-ul-Fitr, siku ya kwanza ya Mfunguo Mosi, huangukia bamvua kila mwaka, na mwenye likizo ya siku hiyo ana vidimbwi asubuhi. Idi kubwa huwa tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, mwezi umepita nusu, kwa hiyo maji huwa bado mafu au ndiyo kwanza yanaanza kupata nguvu. Pasaka huhesabiwa kwa mwezi mpevu unaofuata tarehe 21 Machi: ikiangukia karibu sana na mwezi mpevu utapata bamvua kubwa, ikichelewa wiki nzima utapata maji mafu. Bamvua za Machi na Aprili, na zile za Septemba na Oktoba, ndizo kubwa kuliko zote za mwaka. Krismasi haina uhusiano wowote na mwezi, hivyo usikate tiketi ya Desemba kabla ya kutazama jedwali.

Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, lina namba mbili kwa kila tukio: saa na kimo kwa mita. Kimo hicho hupimwa kutoka usawa wa chini kabisa ambao maji hufikia, si kutoka mchangani ulipo. Kwa kutembea mwambani tafuta kimo cha kupwa kilicho chini ya mita 0.5. Ukiona 0.2, omba ruhusa kazini. Ukiona 1.3, hiyo ni siku ya kuogelea au kutazama ndege. Kama unatumia programu ya simu, hakikisha umechagua Kilindini au Mombasa na kwamba saa zake ni za Afrika Mashariki; kuna programu zinazoonyesha saa ya Greenwich, na hapo utafika saa tatu kabla ya wakati.

Ingia mwambani saa moja na nusu kabla ya kupwa, fuata maji yanavyorudi, na uanze kurudi ufuoni mara tu yanapogeuka. Maji hayajai kwa kasi moja. Chukua bamvua ya mita 3.6 inayojaa kwa saa sita: saa ya kwanza hupanda sentimita 30 tu, saa ya pili 60, saa ya tatu na ya nne 90 kila moja. Ile saa ya kwanza humdanganya mtu aone bado ana muda. Jingine la kukumbuka ni umbo la pwani yetu. Kati ya ufuo na mwamba wa nje kuna bonde la maji, na mwamba wenyewe umeinuka kuliko bonde. Maji yanapojaa huingia kupitia milango ya mwamba na kulijaza bonde lililo nyuma yako wakati wewe bado umesimama pakavu. Kabla ya kuvuka, tazama ulipopita na kina chake. Ukiona pale ulipopita kwa maji ya kifundo sasa ni ya goti, umeshachelewa. Ondoka wakati huohuo.

Kanamai upande wa kaskazini wa Mombasa na Tiwi upande wa kusini ni mahali pazuri pa kuanzia. Vaa viatu vya mpira vyenye soli nene, kanyaga mchanga au mwamba mtupu, usikanyage matumbawe wala nyasi bahari. Ukifika kwenye kidimbwi, chuchumaa upande ambao kivuli chako hakiangukii majini, kisha tulia dakika tano nzima bila kugusa kitu. Wakati huo kaa hutoka, samaki wadogo hurudi, na yale uliyodhani ni mawe huanza kutembea. Tundu lenye makombe matupu na magamba ya kaa yaliyorundikwa mlangoni ni nyumba ya pweza. Usitie mkono ndani, kwa sababu mkunga naye hukaa kwenye matundu kama hayo na meno yake si ya mchezo.

Jiwe ukiligeuza, linyanyue ukingo wa mbali ulielekeze kwako, ili kilichopo chini kikitoka kikimbilie mbele na si miguuni mwako. Tazama, kisha ulirudishe lilivyokuwa, upande uleule chini. Viumbe vya upande wa chini hufa kwa jua ndani ya muda mfupi, na vile vya upande wa juu hufa kwa kukosa mwanga. Jiwe moja lililoachwa limegeuzwa ni kijiji kizima kilichokufa.

Mtoto wangu alikanyaga kile kidude cheusi chenye miiba mirefu. Mtu ufuoni akataka kuiponda miiba kwa jiwe ndani ya ngozi. Ilikuwa sawa? — Mama mzazi, Donholm

Pole, mama. Kidude hicho ni mnyama wa baharini aitwaye sea urchin kwa Kiingereza. Kuponda hakusaidii, huvunja mwiba vipande vingi zaidi na kuusukuma ndani. Miiba hiyo ni ya chokaa na hukatika kama kioo, kwa hiyo hata kuchokonoa kwa sindano huleta jeraha kubwa kuliko mwiba wenyewe. Tumbukiza mguu katika maji ya moto ambayo mtu mzima asiyeumia ameyajaribu kwa mkono na kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, ukiongeza ya moto yanapopoa. Joto hupunguza maumivu ya sumu. Mwiba uliotokeza nje uvute kwa kibano, taratibu na kwa mstari ulioingilia. Vipande vidogo vilivyobaki huyeyuka au hutoka vyenyewe baada ya siku kadhaa. Kuloweka kwa siki huharakisha. Maziwa ya papai bichi hutumiwa sana pwani, lakini huwasha ngozi ya wengine, na ngozi ya mtoto ni laini.

Nenda hospitali kama mwiba umeingia karibu na kiungo, kama uvimbe unaongezeka siku ya pili, au kama mtoto hajakamilisha chanjo ya pepopunda.

Na mfundishe mapema asiokote kombe lenye umbo la koni, hata likiwa zuri vipi. Konokono wa humo ana mwiba wenye sumu anaoweza kuutoa nje na kuupinda, na wapo wakubwa wanaoweza kumwua mtu. Akichomwa, funga kiungo chote kwa bandeji pana, asitembee, umkimbize hospitali.

Nataka kuona ndege wa pwani Mida Creek, kule Watamu. Niende maji yakiwa yamekupwa, sivyo? — Msomaji, Kasarani

Hapana. Hapa sheria ya vidimbwi inapinduka. Maji yakikupwa kabisa, ndege hutawanyika kwenye tope pana na utaona nukta tu zinazotetemeka kwa mvuke wa joto. Fika saa tatu hivi kabla ya maji kujaa. Maji yanayopanda huwasukuma ndege hatua kwa hatua kuja upande wako, wanakula kwa pupa kwa sababu meza inafungwa, na kwa muda wa saa moja hivi wanakuwa karibu kuliko wakati mwingine wowote. Wakati wa bamvua hiyo ni saa saba hadi saa tisa mchana. Kaa jua likiwa mgongoni.

Msimu ni Septemba hadi Aprili. Wengi wa ndege hao huzaliana mbali sana kaskazini, wengine kwenye nyika za barafu za Siberia, na huja kwetu kula kaa na minyoo ya tope. Mgeni mkuu wa Mida ni ndege mla-kaa, *Dromas ardeola*: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi ulio mzito kuliko wa ndege yeyote anayesimama karibu naye. Huyu hatoki Siberia. Huzaliana kwenye visiwa na fuo za mchanga za Ghuba ya Uajemi na Pembe ya Afrika, na ndiye pekee katika jamaa zake anayechimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja jeupe humo. Makinda wakishakua bado huwafuata wazazi wakiomba chakula, hata huku Mida, kwa sauti nyembamba isiyokoma. Utawasikia kabla ya kuwaona.

Kwa wengine, anza na mdomo na miguu, rangi iache mwisho, kwa sababu msimu huo wengi wao ni kijivu na weupe tu. Mdomo mrefu uliopinda chini na mwili mkubwa: sululu. Mdomo uliopinda juu, miguu mifupi ya manjano, anayekimbia huku na huku akifukuza kaa: *Xenus cinereus*. Mdomo mfupi, macho makubwa, hukimbia kidogo kisha husimama ghafla: kitwitwi. Jifunze hao watatu kwanza, na hao wadogo wanaofanana uwaache kwa safari ya pili.

Mazoezi yanapatikana hukuhuku. Shirika la uhifadhi la Nature Kenya lina matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho ya Taifa Nairobi, na kwenye vidimbwi vya Manguo, Limuru, utakuta jamaa wa karibu wa ndege wa Mida wakati wa msimu huohuo. Atakayezoea kutofautisha miguu na midomo kule Manguo hatahangaika Watamu.

Ukiwa kwenye daraja la mbao kati ya mikoko ya Mida, tembea polepole, kwa maana mbao hutikisika na ndege huhisi. Sehemu ya hifadhi hulipiwa kupitia eCitizen, kwa hiyo maliza malipo kabla mtandao haujakusumbua.

Ninakusanya makombe. Nina chupa kadhaa sebuleni. Rafiki ananiambia ninavunja sheria hata nikiokota lililo tupu. Ni kweli? — Dada wa Lang'ata

Ndani ya hifadhi za bahari, ndiyo, ni kweli. Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na humo huruhusiwi kutoa chochote: kombe tupu, kipande cha tumbawe kilichokufa, wala mchanga. Hiyo ndiyo kazi ya hifadhi, na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, hawatofautishi kombe moja na mfuko mzima.

Nje ya hifadhi tunakuomba uache vilevile, na sababu zake zinaonekana kwa macho. Kuna kaa wasio na gamba tumboni. Huishi ndani ya makombe ya konokono waliokufa na hulazimika kuhamia kubwa zaidi kila wakikua. Kwenye ufuo uliookotwa sana utawakuta wamejibana kwenye vifuniko vya chupa na vipande vya plastiki. Keti mahali penye makombe mengi, jioni maji yakirudi, utaona wanavyopima: kaa huligeuza kombe tupu, huingiza makucha ndani akilipapasa, kisha huhama kwa kufumba na kufumbua. Lile uliloliweka kwenye chupa sebuleni lilikuwa nyumba inayosubiri mpangaji.

Na yale yanayouzwa yakiwa yameng'aa kama yamepakwa mafuta? Kauri, yule konokono wa baharini mwenye kombe laini, hupoteza mng'ao wake akishakufa na kusuguliwa na mchanga. Kauri anayeng'aa dukani, kwa kawaida, alitolewa majini akiwa hai akachemshwa. Hali ni hiyohiyo kwa lile baragumu kubwa, *Charonia tritonis*, ambalo konokono wake ni mmoja wa wachache wanaokula kiti cha pweza chenye miiba, mharibifu wa matumbawe. Kila mla-wengine akiondolewa mwambani, wanaoliwa huongezeka. Ndivyo ilivyokuwa kwa samaki kikande: palipovuliwa sana, wale weusi wenye miiba mirefu (sea urchin) anaowala walizidi, wakautafuna mwamba.

Ukusanyaji wenyewe usiuache, badilisha unachokusanya. Piga picha tatu za kila kombe: juu, chini penye mdomo, na ubavuni, ukiweka rula pembeni. Andika tarehe, mahali, kimo cha maji, kama lilikuwa tope, mchanga, nyasi au mwamba, na kama lilikuwa na mwenyewe. Ukiweka picha hizo kwenye tovuti ya iNaturalist, watu wanaojua konokono wa bahari watakusaidia majina. Baada ya misimu miwili utakuwa na mkusanyiko wenye maana kuliko chupa, kwa sababu kombe lisilo na tarehe wala mahali halisemi kitu.

Mbona maji ya Malindi huwa ya udongo Novemba, na Watamu pale karibu ni safi? Na yale marundo ya majani ufuoni Juni ni uchafu? — Msomaji, Githurai

Udongo ule ni wa Mto Sabaki, na wewe ni jirani yake. Mto Nairobi huingia Athi, Athi huitwa Galana, na Galana hufika baharini kwa jina la Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi mjini. Mvua ikinyesha huku bara, udongo wa mashambani na taka za mitaroni hushuka huko. Mwelekeo wake hutegemea upepo. Wakati wa kusi, Aprili hadi Oktoba hivi, mkondo husukuma tope kwenda kaskazini. Kaskazi inapoanza, Novemba na Desemba, tope hugeuka kusini na kulijia Malindi. Watamu iko kusini zaidi, na tope jingi huwa limetua kabla ya kufika. Kwa maji maangavu ya kupiga mbizi subiri Januari hadi Machi.

Majani ya Juni si uchafu. Ni nyasi bahari na mwani vilivyong'olewa na mawimbi ya kusi. Hunuka yanapooza, lakini huzuia mchanga usichukuliwe na hulisha wadudu ambao ndege huja kuwala. Pekua rundo asubuhi, utashangaa wakazi wake.

Darubini yangu ya 8x42 imeota kitu kama utando wa buibui ndani baada ya safari ya Diani. Nifanyeje? — Msomaji, South B

Huo ni ukungu unaoota kwenye unyevu, nao hula tabaka la kioo. Ukishakuwa ndani, ni kazi ya fundi wa lenzi; usifungue mwenyewe, kwa sababu vioo vya darubini hupangwa kwa mstari mmoja na vikisogea utaona vitu viwiliviwili.

Ijayo uikinge. Chumvi ikikauka juu ya lenzi huwa chembe ngumu, hivyo usianze kufuta. Puliza kwa kipulizio cha mpira, kisha futa mwili wote kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa, kisha lenzi kwa kitambaa laini chenye tone la maji, mwisho kikavu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mfuko uliofungwa nusu saa ipate joto la nje. Ukiitoa ghafla, mvuke huganda kwenye vioo. Ukirudi Nairobi, iweke siku mbili kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu zilizokaushwa. Mchele usitumie, una vumbi. Na usiifungie kwenye ala ya ngozi iliyonyonya jasho la pwani.

Nataka tangi la samaki wa baharini kwenye fleti. Je, naweza kubeba maji, mchanga na samaki wachache kutoka pwani? — Kijana wa Ngara

Usibebe. Kuvua samaki wa mapambo ni kazi yenye leseni, matumbawe hayatolewi, na samaki atakayesafiri saa nane kwenye ndoo atafika na amonia yake mwenyewe ikimchoma mashavu. Tangi lenyewe linawezekana, lakini pitia haya kwanza.

Ukubwa: usishuke chini ya lita 200. Tangi dogo huonekana rahisi, kumbe hubadilika joto na chumvi kwa saa chache. Lita 200 pamoja na kioo, mawe na meza huzidi kilo 250, kwa hiyo liweke kando ya ukuta, si katikati ya sakafu, na umwarifu mwenye nyumba.

Maji ya kisima cha Nairobi mara nyingi yana floridi nyingi, na ya mfereji yana klorini. Maduka ya mtaani ya kujazia maji ya kunywa huyachuja vizuri. Nunua huko, ukayapime kwa kipimo cha TDS, yaani cha madini yaliyoyeyuka majini, kwa sababu baadhi huongezewa madini baada ya kuchujwa. Changanya na chumvi maalumu ya tangi la bahari, gramu 35 hivi kwa lita. Chumvi ya jikoni haifai: ni sodiamu na kloridi peke yake, haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Koroga usiku kucha kwa pampu, kisha upime. Kipimo cha uzito kiwe 1.024 hadi 1.026 maji yakiwa na nyuzi 25. Mchanga uwe wa chokaa kutoka duka la samaki, si wa mto wa Machakos.

Nairobi ina matatizo mawili ambayo vitabu vya nje havitaji. La kwanza ni mwinuko. Kwenye mita 1,700 hewa ina shinikizo pungufu kwa karibu sehemu moja kwa tano, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua vivyo hivyo. Elekeza pampu ichafue uso wa maji muda wote na uweke samaki wachache kuliko unavyoshauriwa. La pili ni baridi ya Julai. Kipasha joto cha wati moja kwa lita kinatosha kushika nyuzi 25, lakini stima ikipotea usiku, kitakachoua samaki kwanza ni kukosa oksijeni. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri kabla ya kununua samaki.

Kisha subiri. Jaza tangi, weka mawe, tia kipande kidogo cha nyama ya kamba wa baharini kioze, upime kila siku mbili. Amonia itapanda, itashuka, nitraiti itapanda, nayo itashuka. Huo ni mji wa bakteria unajijenga, na huchukua wiki nne hadi sita. Vyote viwili vikisoma sifuri, badilisha robo ya maji. Wengi huharibu hapa: wanaona maji maangavu wiki ya kwanza wanaingiza samaki sita, na katika maji ya chumvi, ambayo pH yake ni 8.1 hadi 8.3, amonia huwa kali kuliko kwenye maji yasiyo na chumvi.

Anza na samaki wawili wa jamii ya *Amphiprion* (clownfish kwa Kiingereza), waliozalishwa kwenye matangi kama wanapatikana. Hawahitaji ile anemoni, mnyama laini mwenye minyiri, wanayoishi nayo mwambani, na anemoni yenyewe hufa kwenye tangi changa na kulichafua lote. Samaki hao huishi zaidi ya miaka kumi, basi fikiria kama kazi au nyumba inakuhamisha mara kwa mara.

Kila siku maji hupungua kwa mvuke, hasa Januari na Februari. Chumvi haiondoki na mvuke, kwa hiyo jazia maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kamwe si maji ya chumvi. Weka alama ya kalamu kwenye kioo na ujazie hadi hapo kila asubuhi. Maji ya chumvi ni ya kubadilisha tu: lita 20 kila wiki, yakiwa na joto na chumvi sawa na ya tangini.